Bagamoyo kwa siku moja: pa kula, cha kununua, na vinyago vya kuacha rafuni

Anayetoka Dar es Salaam asubuhi na kurudi jioni hubaki na saa sita hivi za kutumia Bagamoyo. Asipojipanga, tatu zitaishia mezani akimsubiri pweza, na tatu nyingine mbele ya rafu ya vinyago akibishania bei ya kitu asichokijua. Kwa hiyo tunapima hayo mawili zaidi, chakula na kazi za mikono. Magofu na makumbusho yana waongozaji wake.

Hukumu kwanza. Kazi za mikono ni nzuri sana ukinunua kwa fundi aliyeshika patasi mbele yako. Ukinunua kwenye duka lililojaa twiga na simba pacha wa wale wa Mwenge, soko la vinyago la Dar, ni za kawaida tu, na baadhi yao wametoka huko huko Mwenge, bei ikaongezewa nauli. Chakula ni kitamu lakini hakina haraka. Usafiri ni rahisi. Kuogelea, sahau: Mto Ruvu humwaga tope lake kaskazini mwa mji, bahari ina rangi ya chai ya maziwa, na maji yakipwa unakanyaga matope mpaka uchoke.

Ni kilomita 70 hivi kutoka Dar. Magari ya abiria huondokea stendi ya Makumbusho. Aliyepanda saa 12 asubuhi hufika kwenye saa 2, aliyepanda saa 2 anakutana na foleni ya Tegeta na Bunju kisha anafika jua limeshakuwa kali. Ukivuka Bunju njia ni nyepesi: Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, halafu mji. Mwenye gari lake aheshimu vibao vya 50 kwenye hivyo vijiji, maana trafiki wanavijua kuliko yeye. Kutoka stendi hadi Mji Mkongwe bajaji ni dakika chache. Patana bei kabla ya kukaa, na uwe na noti za 1,000 na 2,000, kwa sababu noti ya 10,000 asubuhi haina chenji popote. Maduka mengi na mikahawa hupokea kwa lipa namba, ila mafundi wa barazani wengi wanataka taslimu, au utume kwa simu na makato yawe juu yako. Kama ni makato, yaingize kwenye mapatano mapema, si baada ya kukubaliana.

Siku ya kwenda inahitaji kufikiriwa. Ijumaa, kuanzia kwenye saa 6 mchana, milango mingi hufungwa kwa ajili ya sala, na fundi uliyemwachia kazi hatarudi kabla ya saa 8. Ramadhani mikahawa ya mtaani hulala mchana kutwa. Kula ni hotelini au baada ya kufuturu. Siku za katikati ya juma makumbusho hujaa wanafunzi wa ziara, na Jumamosi ndiyo siku mafundi wengi wapo kazini. Wakati wa tamasha la kila mwaka la TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, wauzaji huwa wengi na bei huwa ya tamasha. Nenda kusikiliza ngoma, manunuzi yaache kwa siku nyingine.

Ukishafika, jambo la kwanza ni chakula, hata kama huna njaa. Ingia kwenye mkahawa uliouchagua, agiza chakula cha saa 7, lipa kiasi cha kianzio, acha namba ya simu, kisha ondoka. Mikahawa midogo ya Mji Mkongwe haipiki chungu kikubwa kikawasubiri wateja. Wanapopata oda ndipo mtu anatumwa sokoni, nazi inakunwa, moto unawashwa. Wali wa nazi na samaki wa kupaka ni saa moja na nusu bila uzembe wa mtu yeyote. Pweza peke yake anataka dakika 45 hadi saa nzima ya kuchemka. Mwambie mpishi akupigie pweza akishaiva, ndipo urudi. Asiyetaka haya yote ale chipsi, chapati na maharage. Hivyo vipo muda wote na havina lawama.

Kwa kahawa, jifunze kusema unachotaka. Ukitamka “kahawa” tu mezani, mara nyingi utaletewa chupa ya maji ya moto na kopo la Africafe. Ukitaka ya kuchemsha, sema ya kuchemsha, na uliza kama imesagwa leo. Lakini kahawa bora ya mji huu haiko mezani. Iko barazani kwa muuza kahawa mwenye dele la shaba juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono na kashata pembeni. Ni chungu, ina tangawizi ukiomba, na bei yake ni ya wenyeji kwa kila mtu. Angalia kitu kimoja: ndoo ya kusuuzia vikombe. Maji yakiwa yameshakuwa ya rangi ya kahawa, subiri abadilishe au mwombe, kwa adabu, akumwagie ya moto kikombeni kwanza.

Sasa tuje kwenye kununua. Mtaa wa India na mitaa inayouzunguka ina nyumba za kale zenye vibaraza, na hapo ndipo wachongaji, wachoraji na wauza vitambaa walipo. Utakutana na mawinga: kijana anayekusalimia vizuri, anakuuliza umetoka wapi, halafu “anakuonyesha tu” duka la rafiki yake. Hana ubaya, ila kamisheni yake imo ndani ya bei utakayotajiwa. Ukitaka kutembea peke yako mwambie mapema na kwa upole. Ukimhitaji, mpe ujira wake mwenyewe na aketi nje wakati wa mapatano.

Mpingo ndio unaowatia watu hasara kubwa. Kiini chake ni cheusi chenye kivuli cha zambarau au kahawia, na pembeni kuna mbao changa ya rangi ya maziwa ya njano. Wachongaji wengi huuacha mstari huo uonekane kwa makusudi. Mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu nao ni mweusi. Utofautishe kwa uzito kwanza. Mpingo ni mzito kuliko maji, unazama. Kinyago cha ukubwa wa chupa ya soda kikikaa mkononi kama kimetengenezwa kwa mbao ya boksi, ni kweli kimetengenezwa kwa mbao nyepesi. Pili, geuza kitako. Kiwi hupakwa kule macho yanakopita, na kitako husahauliwa. Tatu, lowesha kitambaa cheupe kidogo na usugue kwenye mkunjo, nyuma ya sikio au kati ya vidole vya kinyago. Kitambaa kikitoka cheusi, umepata jibu. Mpingo halisi unaweza kuacha kahawia hafifu ya mafuta, hauachi masizi. Fundi wa kweli hachukii ukifanya hivi. Anayekunyang'anya kinyago ukigeuza kitako amekuokolea fedha.

Baada ya kujua ni mpingo, tafuta nyufa. Washa tochi ya simu, ipitishe kwa ubavu, si kwa mbele. Nyufa nyembamba kama unywele huzibwa kwa unga wa mbao na kiwi, na kwa mwanga wa mbele hazionekani. Mpingo hukua polepole mno, mti wa kuvuna una miaka 70 na zaidi, na hukauka polepole vilevile. Kipande kilichochongwa kibichi kitapasuka baadaye, hasa kikipelekwa kwenye nyumba yenye kiyoyozi au kwenye baridi kavu ya Ulaya. Hatari zaidi ni sanamu nene ambayo moyo wa gogo umepita katikati yake: angalia kitako, ukiona duara za ukuaji zimezunguka nukta moja katikati, basi ufa utatokea hapo siku yoyote. Kipande kilichochongwa upande mmoja wa moyo hukaa vizuri zaidi. Ukifika nyumbani usikiweke mezani siku hiyo hiyo. Kifunge kwenye magazeti ndani ya mfuko wa plastiki, kila siku chache fungua mdomo wa mfuko kidogo zaidi, kwa muda wa wiki tatu. Aliye safarini kwenda nje ajue kwamba tangu mwaka 2017 jamii yote ya miti ya mpingo iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Bidhaa zilizokamilika zenye jumla ya mbao isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zimesamehewa kibali, zaidi ya hapo ni makaratasi. Ganda la ng'amba, aina ya kasa, usiguse, hata likiwa kipini kidogo cha nywele.

Na milango. Kuna watu wanaokuja Bagamoyo wakitafuta mlango wa zamani wa kuchongwa wa kupeleka hotelini kwao. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaihesabu milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940 kuwa vitu vya kulindwa, kwa hiyo anayekuuzia mlango “wa babu” anakuuzia kesi, au anakuuzia mlango wa mwaka jana uliopakwa tope. Agiza mpya kwa mchongaji, wa mninga au mkongo, na ukubaliane kwa maandishi unene wa ubao, urefu na upana kwa sentimita, na nani anayebeba. Kianzio kisizidi nusu. Masanduku madogo ya mbao na misumari ya shaba ni rahisi zaidi kubeba: fungua na funga kifuniko mara kumi, angalia kama bawaba zimeshikwa na skrubu au misumari mifupi tu. Misumari itang'oka.

Ngoma ndiyo bidhaa ambayo Bagamoyo inaishinda Dar bila ubishi, kwa sababu chuo kiko hapa, na wapigaji wananunua walipo. Mpigaji hanunui pambo. Mwambie fundi unataka ngoma ya kupigwa, naye atakuonyesha nyingine, kwa kawaida zilizo nyuma ya zile zenye michoro ya twiga. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba, inatoa sauti ya juu na inachanika mapema. Ya ng'ombe ni nene, nzito, inadumu. Gonga kwa kidole kuzunguka ukingo, nukta sita au nane. Sauti ikishuka upande mmoja, vigingi vya upande huo vimelegea au ngozi ni nene kushoto kuliko kulia. Vigingi hugongwa tena, ngozi isiyo sawa haina dawa. Nusa. Harufu ya ngozi kavu ni ya kawaida, harufu ya kuoza maana yake haikukaushwa vya kutosha, na wadudu watakuja. Tafuta vitundu vidogo vya mviringo kwenye mbao na unga laini chini ya ngoma: huyo ni mdudu, na ataingia kwenye makabati yako. Unyevu wa pwani hulegeza ngozi, kwa hiyo ngoma inayosikika imelala asubuhi si mbovu. Iote moto wa makuti au jua kwa muda wa saa moja, kisha ijaribu tena. Usiisogeze karibu na moto kiasi cha mkono wako kushindwa kuvumilia.

Utaona pia ilimba na zeze, ala za Wagogo, mbali na Dodoma zilikozaliwa. Si ajabu: Hukwe Zawose, bingwa wa ala hizo aliyefariki mwaka 2003, alifundisha na kuishi hapa, na ukoo na wanafunzi wakabaki. Ilimba ya kupigwa ina vyuma vinavyosogea kwa kusukumwa mbele na nyuma ili kurekebisha sauti, na kitundu chenye utando wa buibui unaotoa ule mvumo wa kama nyuki. Ya mapambo ina vyuma vilivyobanwa moja kwa moja na haina mvumo. Piga kila chuma. Kinachotoa “tak” kavu kimebanwa vibaya.

Kazi za ukili, yaani za kusukwa kwa ukindu, ni kwa mwenye haraka na mwenye akiba ndogo, na kwa maoni yetu ndiyo thamani bora kwa fedha. Mkeka, msala, kikapu, kawa la kufunikia chakula, kipepeo cha kujipepea. Mkeka husukwa kama utepe mrefu wa ukili, kisha utepe hushonwa pamoja. Uimara wake uko kwenye mshono kuliko kwenye rangi. Shika ukili mbili zinazokutana uvute kwa vidole gumba, pengo likifunguka na ukaona mwanga, acha. Pinda pembe: ukindu mzuri unapinda bila kuvunjika, uliozeeka unalia na kutoa nyuzi. Lowesha kidole usugue rangi nyekundu na zambarau, hizo ndizo zinazochuja kwanza, na zitahamia kwenye kanzu nyeupe kabla ya alasiri. Mkeka wa plastiki una kazi yake, haupati koga, lakini usiulipie bei ya ukindu. Kwa kitanda pima kwanza nyumbani. “Futi nne kwa sita” ya muuzaji huwa tatu na nusu mara kwa mara. Mkeka ukishika koga, uanike jua kali pande zote mbili na uupigepige. Usiufunge ungali na joto la unyevu.

Picha za Tingatinga na batiki tuzipitie upesi. Mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 na kufa 1972, ulikuwa wa rangi ya enameli juu ya ubao. Leo nyingi ni juu ya kitambaa. Enameli hukauka juu ndani ya siku moja lakini chini hubaki laini wiki kadhaa, ndiyo maana picha “iliyokauka” ikikunjwa hunatana na kung'oka. Bonyeza kucha pembeni kwenye rangi nene: ikiacha alama, iache. Ukinunua, izungushe kwenye bomba la sentimita 10 au zaidi, rangi ikiwa nje, karatasi ya kuokea juu yake. Batiki ya kweli ina rangi pande zote mbili. Iliyopigwa chapa ina uso na mgongo. Ikiwa ngumu na inanuka mshumaa, nta haijatoka yote. Weka magazeti juu na chini upige pasi, ubadilishe magazeti mpaka yasiwe na mafuta. Ushauri wa kuiloweka kwenye chumvi na siki ili “ishike” hausaidii kitu kwa rangi ambayo fundi hakuishikisha mwanzoni. Ifue peke yake, maji baridi, mara tatu.

Kuhusu mapatano, hakuna asilimia ya uhakika. Salimia kwanza, mzee umpe shikamoo yake, ulizia kazi kabla ya bei, na usitaje bei ya kitu usichokusudia kununua, maana ukikubaliwa umenunua. Vitu viwili au vitatu kwa fundi mmoja hupunguza bei kuliko kelele. Kazi iliyochukua siku nne usiitajie bei ya mchana mmoja.

Baada ya chakula kuna saa mbili za kutazama. Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanza 1868, ina makumbusho yaliyopangwa vizuri kuliko yote mjini na mnara ulipowekwa mwili wa Livingstone mwaka 1874. Boma la Wajerumani la 1897 tazama kwa nje. Magofu ya Kaole yako kilomita 5 kusini, bajaji imsubiri mtu huko huko, la sivyo kurudi ni kwa miguu juani. Beba kitambulisho cha NIDA, kiingilio cha raia ni cha chini kuliko cha mgeni na hakitolewi kwa lafudhi.

Soko la samaki liwe la mwisho, kwa sababu samaki hangoji. Macho yawe yamejaa na maangavu, matamvua mekundu, tumbo gumu. Kamba wa kununua na vichwa, kumbuka kichwa na ganda huchukua karibu nusu ya uzito. Kilo mbili ni chakula cha kilo moja. Barafu iwe sawa na uzito wa samaki, ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachofunga kweli. Konda akiona maji ya samaki yanatiririka sakafuni atakushusha Zinga, na atakuwa na haki. Samaki wa kukaanga wa akina mama wa pale ni mzuri mapema. Mafuta yakishakuwa meusi na kutoa povu, kula nanasi.

Nanasi lenyewe ni la Kiwangwa, wilaya hii hii, na huuzwa kwa mafungu barabarani. Linuse chini, upande wa kitako, si juu kwenye majani. Lisilo na harufu halitakuja kuwa tamu nyumbani, litalainika tu. Chukua madogo mazito, na uwe garini kabla ya saa 10 jioni, hasa Jumapili.